SABUFA INAUNGUA KILA MWEZI? Mchawi ni bisibisi, usimsingizie jirani!

UKIPITA Sinza, Mwenge au Magomeni Ijumaa jioni, lazima utakutana nacho tu. Kwanza vioo vya duka vinaanza kutetemeka, chupa za soda zinagongana kwenye kreti, halafu gari lenyewe linachomoza. Kaisti kadogo, vioo vyeusi, kibao cha namba nyuma kinacheza kama kina homa. Ndani kuna kijana mmoja, kiti kakilaza, mkono dirishani, shingo inaenda na besi. Masela wa kijiweni wanapiga mluzi, mama muuza vitumbua anasonya, na mtoto mchanga wa nyumba ya pili anaamka.

Wiki tatu baadaye ndinga ile ile inapita kimya kama gari la maiti. Vipi tena?

“Sabufa imeungua.”

Si uliweka mpya juzi juzi?

“Ndiyo hiyo hiyo.”

Sasa hapo ndipo maneno yanapoanza. Fundi anasema ile sabufa ilikuwa feki, anunue kubwa zaidi. Muuza duka anasema siyo feki, ila amplifaya yake ndogo, anunue kubwa zaidi. Bi mkubwa nyumbani anasema ni husda za majirani, gari lisomewe dua. Na kijana naye, laki zake zimekwenda, anaanza kuchangisha upya ili akaunguze nyingine.

Msomaji wangu, wiki hii safu yako inamsafisha jirani. Kesi nyingi za namna hii mchawi anakaa ndani ya buti, pembeni ya amplifaya, kwenye kiskrubu kidogo kilichoandikwa GAIN. Kwingine wameandika LEVEL au INPUT. Fundi anaingiza bisibisi, anazungusha krii mpaka mwisho, mwenye gari anaruka kwa furaha, pesa inatoka. Habari ya sabufa imekwisha siku ile ile, kilichobaki ni kusubiri harufu.

GEINI SIYO VOLIUMU

Hili ndilo kosa mama. Watu wengi, hata wale wenye duka lao na kibao kikubwa nje, wanaamini geini ni kitufe cha kuongeza sauti. Ati ukizungusha nusu unakuwa umeacha nusu ya nguvu za amplifaya zimelala bure. Uongo mtupu.

Kazi ya amplifaya ni kuchukua ishara ndogo ya umeme kutoka kwenye redio na kuikuza mpaka iweze kusukuma spika. Sasa redio hazifanani. Kuna inayotoa volti 2, kuna inayotoa 4 au 5 (hizo za wenye nazo), na kuna zile za bei poa ambazo kwenye boksi wameandika 2 lakini ukipima unakuta hazifiki. Mtengenezaji wa amplifaya hajui wewe utaifunga na redio gani, kwa hiyo kakuwekea kiskrubu cha kulinganisha. Geini inaiambia amplifaya hivi: ishara itakayokuja ni ya ukubwa huu, ikifika hapo wewe toa nguvu zako zote. Basi. Nguvu haiongezeki hata wati moja.

Angalia hicho kiskrubu vizuri utaona tarakimu, mathalani 6V upande mmoja na 0.2V upande wa pili. Fundi akikizungusha mpaka mwisho, kaiambia amplifaya imalize nguvu zote pale ishara inapofika volti 0.2. Lakini redio yako inatoa mpaka volti 2, mara kumi ya hizo. Maana yake ukifungulia redio kidogo tu amplifaya imeshamaliza uwezo, na voliumu yote iliyobaki kule juu ni kelele za kuua spika. Ndiyo maana gari la namna hiyo linakugonga kifua ukiwa bado namba 10 ya voliumu, na mwenye gari anaona kapata mashine ya hatari. Hajapata kitu. Kavuta mbele tu kile ambacho angekipata akiwa namba 30.

MTU MREFU NDANI YA KIPANYA

Wakubwa zetu waliopanda daladala miaka ya tisini wanavikumbuka vipanya, zile Hiace za kukunja shingo. Mtu mfupi anasimama vizuri. Mtu mrefu akiingia, paa ni lile lile, inabidi kichwa kilale. Konda hata akipiga kelele vipi, paa halipandi.

Umeme wa muziki unakwenda kwa mawimbi, yanapanda na kushuka kwa mviringo laini. Paa ni volti ambazo amplifaya inaweza kutoa. Wimbi likiwa refu kuliko paa halitoboi, linakatwa kichwa. Juu linakuwa bapa, chini vile vile. Mafundi wanaita kuklipu. Ukiendelea kulazimisha, wimbi lililokuwa la mviringo linageuka kuwa kama tofali.

Hapo ndipo inapokuja hesabu ya kutisha. Wimbi la tofali lina nguvu mara mbili ya wimbi la mviringo lenye kimo hicho hicho. Kwa maana hiyo amplifaya ya wati 300 safi, ikiklipu kupita kiasi, inaweza kukaribia kumwaga wati 600 chafu kwenye sabufa. Na yako imeandikwa 300. Halafu kuna la pili ambalo wengi hawalijui: muziki wenyewe una vilele na mabonde. Ngoma inagonga, inanyamaza kidogo, inagonga tena. Kwenye lile bonde sabufa inapumua. Ukiklipu, vilele haviwezi kupanda tena lakini mabonde yanapandishwa juu, na sabufa haipumui wimbo mzima. Kwa wale wa amapiano ndiyo kabisa, maana ile besi ya Wasauzi ni ndefu, inakaa, inaoka taratibu kama mkate.

Inaoka nini? Koili. Nyuma ya ile koni ya sabufa kuna uzi mwembamba wa shaba umezungushwa kwenye kibomba na kugandishwa kwa gundi. Umeme ukipita pale, koili inasukumana na sumaku, koni inacheza, unapata besi. Lakini spika ni mvivu kuliko unavyodhani. Katika kila wati 100 unazoipa, sauti inayotoka ni wati moja hivi, mbili zikizidi. Zilizobaki zote ni joto. Kwa hiyo ukimpa mwenye uwezo wa 300 wati 600 unamwongezea moto, sauti utaongeza chembe. Gundi inalainika, uzi unaachia, unaanza kusugua kwenye sumaku (utasikia kwarakwara ukiibonyeza koni kwa vidole taratibu), mwisho unakatika. Ile harufu ya plastiki iliyoungua ambayo watu wanadhani ni ya gari la mbele, ni koili yako hiyo. Ukiisikia zima muziki hapo hapo, usisubiri wimbo uishe.

Kuna msemo wa mitaani kwamba amplifaya ndogo inaua sabufa kubwa. Ukweli wake ni nusu. Amplifaya ya wati 200 hata iklipu mpaka ilie, haitavuka sana 400, na sabufa halisi ya 600 itazimeza bila wasiwasi wowote. Sauti itakuwa mbaya tu. Anayeua ni yule anayeitaka amplifaya itoe isichokuwa nacho, huku sabufa yenyewe uwezo wake umelingana na amplifaya. Siyo udogo wa mashine, ni uchu wa mwenye mashine.

BOKSI LINASEMA 3000, FYUZI INASEMA JE?

Kabla hujashika bisibisi inabidi ujue amplifaya yako ina wati ngapi za kweli. Zile 3000 zilizoandikwa kwa rangi ya dhahabu, zisahau. Hizo ni wati za matangazo. Tafuta palipoandikwa RMS, ndizo inazoweza kutoa mfululizo. Na kama hapakuandikwa RMS popote, ujue umeuziwa maneno.

Lakini ipo njia ya kuwakamata. Angalia fyuzi ubavuni mwa amplifaya. Kama ni moja ya ampea 30, zidisha na volti 14 za gari likiwa linaunguruma, unapata 420. Hizo ndizo wati zinazoingia. Haziwezi kutoka zote, nyingine zinapotea kama joto. Amplifaya za daraja la D, ambazo ndizo nyingi za sabufa siku hizi, zinatoa karibu asilimia 80, kwa hiyo hapo una kama 330. Zile za zamani za daraja la AB ni kama asilimia 60, una 250. Sasa mtu ana fyuzi ya 30 na boksi la 3000. Hizo nyingine zinatoka wapi, TANESCO?

Sabufa nayo iangalie hivyo hivyo, RMS siyo ile MAX. Na ujue omu zake. Kama ina koili mbili za omu 4, ukizifunga sambamba amplifaya inaona omu 2, ukizifunga kwa mfuatano inaona 8. Amplifaya imeandikwa mwisho wake ni omu ngapi, usiende chini ya hapo. Wengi wanashuka kusaka wati, wanaishia kusaka amplifaya.

TWENDE KAZI SASA

Unahitaji mita ya kawaida ya fundi umeme, zile zenye plastiki ya njano. Kariakoo zimejaa, na ya bei ya chini kabisa inatosha. Unahitaji pia mlio wa majaribio wa hezi 50 uliorekodiwa kwa kiwango cha desibeli 0, unapatikana bure, uweke kwenye flashi. Kwa nini 50? Kwanza ni besi halali ya sabufa. Pili, umeme wa nyumbani kwetu nao ni hezi 50, na hizi mita za bei rahisi zimetengenezwa kupima umeme huo huo, kwa hiyo haitakudanganya sana.

Anza kwa kusafisha uchafu wote. Kwenye redio rudisha besi na trebo sifuri, zima LOUD, sawazisha zile ekolaiza. Kwenye simu pia, kama muziki unatoka kwenye simu kwa blutuuthi, ondoa ile programu ya kuongeza besi na voliumu ya simu iwe karibu na juu. Kwenye amplifaya zima BASS BOOST kabisa. Hii nitairudia baadaye maana nina ugomvi nayo. Kichujio cha LPF weka kwenye hezi 80 hivi. Geini izungushe mpaka chini.

Halafu, na hapa usifanye mzaha, chomoa waya za sabufa kwenye amplifaya. Mlio wa majaribio ukiingia kwenye sabufa kwa nguvu zote kwa dakika kadhaa unaichoma wewe mwenyewe, na pia majirani watakufuata. Hakikisha waya ulizochomoa hazigusani. Washa gari, maana amplifaya inataka volti 14 za alteneta kama itakavyokuwa barabarani, siyo 12 na kitu za betri iliyolala. Fanyia nje, usiwashe gari ndani ya gereji iliyofungwa, moshi wake unaua mtu bila kelele.

Piga hesabu. Chukua wati za RMS, za amplifaya au za sabufa, zile ambazo ni ndogo. Zidisha na omu. Kisha tafuta kipeuo cha pili cha jibu. Ndiyo, kile kile cha shuleni tulichokuwa tunauliza kitatusaidia nini maishani. Simu yako inacho kwenye kikokotoo. Mfano una wati 300 kwenye omu 2: unapata 600, kipeuo chake ni 24.5. Mita inatakiwa isome volti 24.5. Kama wati ni hizo hizo 300 lakini omu 4, ni 1200, kipeuo chake ni 34.6. Na kama amplifaya ni ya 500 lakini sabufa ni ya 250 kwa omu 4, tumia 250, utapata 31.6. Hapo unaitumia sehemu ya mashine yako na sabufa inaishi.

Weka mita kwenye volti za AC, zile zenye alama ya kawimbi. Piga mlio, pandisha voliumu ya redio mpaka robo tatu: kama mwisho wake ni 40, weka 30. Gusisha ncha za mita pale zilipokuwa waya za sabufa. Vidole viwe mbali na chuma, volti thelathini siyo za kuchezea ukiwa na jasho. Sasa zungusha geini kwa utaratibu kabisa huku ukiangalia mita. Ikifika tarakimu yako, toa mkono. Zima, rudisha waya za sabufa, umemaliza. Kazi ya dakika ishirini.

Ila jihadhari, mita haina macho. Inasoma volti, haijui wimbi ni la mviringo au la tofali. Kama amplifaya yako ni ya yale maboksi ya uongo, au waya wako wa umeme ni mwembamba, itaanza kuklipu kabla hujafika kwenye tarakimu uliyoipigia hesabu. Dalili yake ni kwamba mwanzo ukizungusha kidogo volti zinaruka, halafu inafika mahali unazungusha na zinapanda kwa kujivuta. Hapo umegonga paa. Rudi nyuma mpaka pale zilipokuwa zinapanda vizuri na uache hapo, hesabu isiyotimia haikuhusu. Mwenye kuliona wimbi lenyewe kwa macho ni osiloskopu, na siku hizi kuna vidogo vya kushika mkononi ambavyo baadhi ya mafundi wa simu na redio wanavyo. Mpe chochote akuangalizie, ndiyo njia ya uhakika kuliko zote.

Na kama huna hata mita? Basi tumia masikio, ila uwe mkweli wa nafsi. Weka wimbo unaoujua vizuri, redio robo tatu, geini ikiwa chini, pandisha pole pole. Besi itakua, itakuwa na ngumi, kila pigo linasikika peke yake. Kisha itafika mahali haiongezeki tena, inavimba tu, mapigo yanaungana, inakuwa kama ngoma iliyolowa mvua. Umepita. Rudi nyuma kidogo, na kidogo tena.

“MBONA HAIGONGI KAMA ZAMANI?”

Utasema hivyo, najua. Siku ya kwanza utaona kama besi imeibiwa. Fundi wako naye atacheka: “Bosi, ulikuja unagonga mtaa mzima, sasa umekuwa gari la padri?” Mwache acheke, yeye anauza sabufa.

Sikio letu lina tabia ya ajabu. Ukiongeza wati mara mbili, kutoka 250 kwenda 500, unapata desibeli 3 tu, tofauti ambayo mtu aliyekaa kiti cha nyuma anaweza asiitambue. Ili sauti ionekane imekuwa mara mbili, unahitaji wati karibu mara kumi. Sasa ile robo ya mwisho ya geini unayoililia ina desibeli ngapi? Chembe. Na bei yake ni koili nzima.

Kama unataka besi ya kweli angalia boksi. Pale Keko utachongewa la bei nzuri na kapeti juu, lakini fundi seremala anakuuliza tu “liingie kwenye buti?” Hakuulizi sabufa inataka lita ngapi za hewa. Ile karatasi iliyokuja na sabufa, ambayo umeitupa, imeandika ukubwa wa boksi na tundu lake. Boksi la saizi sahihi, lisilovuja kwenye maungio, linaongeza besi zaidi ya bisibisi ya fundi yeyote.

Sasa ule ugomvi wangu. BASS BOOST, kama ningekuwa na mamlaka, ningeipiga marufuku kwa tangazo la serikali. Ukiipandisha desibeli 6 unaidai amplifaya wati mara nne kwenye zile noti za chini. Ukiipeleka 12, kama watu wanavyopenda, unadai mara kumi na sita. Mashine ya wati 300 unaiambia itoe 4,800. Itatoa tofali. Na kuna mtu anaseti geini yake vizuri kabisa kwa mita, halafu jioni anamchukua mchumba, anawasha boost na LOUD ili aonekane. Kazi yote imekwenda na maji.

Wenye redio zilizokuja na gari kutoka Japani, nyinyi mna kesi ya pembeni. Zile zenye maandishi ya Kijapani, FM yake inaanzia 76, mara nyingi hazina matundu ya RCA nyuma. Fundi anachukua ishara kwenye waya za spika na kuipitisha kwenye kibadilishi, au anaiingiza kwenye amplifaya yenye tundu la HIGH INPUT. Ni sawa, inafanya kazi. Tatizo ni kwamba redio yenyewe nayo ina amplifaya ndogo ndani, nayo inaklipu. Wimbi likishakatwa kichwa kule, hakuna geini ya kulirudishia kichwa. Kwa hiyo tafuta voliumu ambayo spika za milangoni bado zinaimba safi, na hiyo ndiyo iwe mwisho wako.

WAYA WA TOCHI NA MOTO

Hapa tuache utani kidogo. Nimeona mabuti kadhaa ambayo amplifaya inayokula ampea 40 imefungwa kwa waya ambao ungeufungia taa ya chumbani. Waya mwembamba unabana umeme, volti zinashuka kila besi inapogonga (utaona taa za mbele zinafifia), paa la kipanya linazidi kushuka, na amplifaya inaklipu hata kama geini uliiweka sawasawa. Na waya wenyewe unapata moto. Nyingine ukizikata ndani ni alumini iliyopakwa shaba kwa juu, inahitaji kuwa nene zaidi ya shaba tupu kwa kazi ile ile.

Waya unatoka kwenye betri, unapita kwenye bati, chini ya kapeti, chini ya kiti anachokaa mama yako ukimpeleka hospitali. Ukichubuka na kugusa bodi, betri inamwaga umeme wote hapo. Kinachokuokoa ni fyuzi, na inatakiwa iwe karibu na betri, isizidi kama sentimita 45 kutoka kwenye nguzo yake. Ile iliyo kwenye amplifaya kule nyuma inalinda amplifaya, hailindi waya uliopita katikati. Fundi akikuambia “hiyo ya nyuma inatosha, bosi”, mlipe pesa ya usumbufu na uondoke. Ethi nayo ifungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, siyo kwenye skrubu yoyote iliyo jirani.

NA MASIKIO JE?

Sabufa inauzwa Kariakoo, sikio haliuzwi. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa usalama kazini wa NIOSH kule Marekani ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Ukifika 100, ni dakika 15 tu. Gari lenye sabufa ya maana na vioo vimefungwa linavuka hapo bila jasho. Ukishuka ukasikia nziiii masikioni, ujue chembe za ndani zimepigwa, na zikifa haziotI upya. Wenzetu Nairobi wanazo zile nganya za Rongai zenye muziki kuliko disko, na Kenya ina kanuni za kelele tangu 2009, lakini anayepata tabu kuliko abiria ni makanga anayeshinda mle kuanzia alfajiri. Sabufa yenye geini iliyosetiwa vizuri ina faida moja hapa: kwa kuwa ni safi, unaridhika mapema. Besi chafu ndiyo inayokufanya uendelee kupandisha ukidhani utakutana na utamu mbele.

Jambo la mwisho. Ukishaseti, chukua rangi ya kucha ya dada yako, ile nyekundu, weka nukta moja juu ya kiskrubu cha geini na nyingine kwenye bati pembeni, zitazamane. Vijana wa kuosha magari wanapenda kufungua muziki wakati wanapiga pasi rimu, na kuna fundi ambaye hawezi kuiona geini ikiwa katikati bila mkono kumuwasha. Kila Jumapili fungua buti uangalie. Ukikuta nukta hazitazamani tena, usiwashe redio kwanza, kachukue mita.